Kadzonzo na kosa la n 22

Herufi moja na tarakimu mbili zilitosha kumbana paka wa Sokoke. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirikisho la kimataifa la wafugaji wa paka, FIFe, lilipompa cheo cha uzao kamili, liliandika rangi moja tu inayokubalika: n 22. Kahawia yenye mabaka mapana, basi. Katika alama zake, 22 ni mabaka na 23 ni milia. Nataka kuuchambua uamuzi wenyewe, kwa sababu kila ninaposikia kwamba Sokoke ni uzao mwembamba usiopanuka, naona lawama anabebeshwa paka wakati kosa ni la waliokaa mezani.

Kazi ya mwanzo ilikuwa safi. Mwaka 1978 Jeni Slater aliwakuta watoto wa paka kwenye shamba lake la minazi huko Watamu, pwani ya Kenya, akawalea, na rafiki yake Gloria Moeldrup akawapeleka wengine Denmark akawazalisha kwa subira.

Sasa tuangalie meza ya uamuzi ilikuwa na nini. Paka wachache sana, ndugu kwa ndugu wengi wao, waliotoka kwenye kipande kimoja cha pwani ya Kilifi. Nyuma yao, kijiji kwa kijiji kuzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke, kulikuwa na paka wengine wa damu ileile ambao Wagiriama wanawaita kadzonzo, pamoja na jamaa zao wenye milia, wenye madoa, weusi, wa kila namna. Mkuu yeyote wa ufugaji anayeelewa kazi yake angeuliza swali moja kabla ya kushika kalamu: katika haya niliyonayo, kipi kikipotea leo naweza kukirudisha kesho, na kipi hakirudi?

Mabaka yanarudi. Yanatokana na nakala mbili za umbo la chini la jeni ya Taqpep, ileile ambayo mwaka 2012 ilitambuliwa kuwa ndiyo humtia duma mfalme michirizi mipana mgongoni. Paka mwenye nakala moja huonekana na milia myembamba kama paka yeyote wa jikoni, lakini mabaka anayo ndani. Mpandishe na mwenye mabaka kamili, na kwa wastani nusu ya watoto watazaliwa na mabaka. Kizazi kimoja tu, tena bila maabara. Hilo la nusu kwa nusu lilijulikana miongo mingi kabla jeni yenyewe haijapewa jina, kwa hiyo kamati haiwezi kujitetea kwamba sayansi ilikuwa bado.

Upana wa damu ndio haurudi. Ukimwacha nje ndugu mwenye milia, unaacha naye kila kitu kingine alichokuwa amebeba: kinga yake dhidi ya maradhi, figo zake, uwezo wa kuzaa watoto wengi wenye nguvu. Ukiwa na paka laki moja, hasara hiyo haionekani. Ukiwa na kundi linaloenea kwenye banda moja, kila paka unayemkataa kwa ajili ya rangi ni kama shina zima la ukoo limekatwa. Kisha yakaja yaliyotarajiwa. Damu ikabana, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilibidi mfugaji Jeannie Knocker aanze upya Kenya kukusanya paka wengine wa vijijini, ule mstari tunaouita mpya, ili kuuokoa ule wa zamani. Kilichohitajika kufanywa mwanzoni kilifanywa baada ya maji kuzidi.

Najua jibu la watetezi: kiwango cha jukwaani hakimkatazi mtu kufuga. Ni kweli kwenye karatasi. Lakini mfugaji anayeishi kwa vyeti na mauzo hana sababu ya kumbakiza dume lisilopata cheo, na waliouandika uamuzi huo walikuwa wafugaji wenyewe, walijua. Wangeweza kuandika mstari wa pili, kwamba wenye milia na weusi waingie daftarini kwa kuzalisha tu bila kupanda jukwaani. Mstari huo mmoja ungetosha.

Hapa Mishamo, magharibi mwa Tanzania, somo hili halihitaji daftari la ukoo. Mkulima wa mahindi anayejiwekea mbegu hachagui hindi moja zuri akapanda shamba zima kutoka humo. Anachukua punje kutoka mahindi mengi, hata yale yasiyonyooka safu, kwa sababu ameshaona mwenzake aliyefanya vingine akivuna mashina dhaifu msimu wa tatu. Na paka wetu wamechaguliwa hivyohivyo tangu makazi haya yalipofunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Mama aliyekwenda kuomba mtoto wa paka kwa jirani aliuliza kama paka aliyemzaa anakamata panya shambani. Rangi hakuuliza. Kizazi hicho cha kwanza kilikuwa wafugaji hodari kuliko kamati nyingi, na nitaendelea kuliandika hilo.

Wala kosa la n 22 halikuwa la kwanza kwa FIFe. Mwaka 1970 lilimchukua Chartreux wa Ufaransa na paka wa bluu wa Uingereza likawatia chini ya kiwango kimoja, ati wote ni wa kijivu, wote manyoya mazito. Ukoo wa Chartreux ulikuwa umejengwa na dada wawili, Christine na Suzanne Léger, kutoka kwa paka waliowakuta kisiwani Belle-Île, na wafugaji kama Jean Simonnet walipigania utengano hadi uamuzi ukafutwa mwaka 1977. Kule walichanganya wasiopaswa kuchanganywa, huku wakatenga wasiopaswa kutengwa. Mara zote mbili walitazama koti wakasahau ukoo.

Linganisheni na Mwingereza Harrison Weir. Tarehe 13 Julai 1871, kwenye Crystal Palace jijini London, aliwapandisha jukwaani paka wa mitaani wa Uingereza, wenye milia, weupe, weusi, kila rangi na daraja lake. Kutoka mlango huo mpana ndipo alipotokea huyu paka wa Uingereza wa manyoya mafupi mnayemwona kila mahali leo. Na baada ya Vita vya Pili, madume yalipokuwa yamebaki ya kuhesabika, wafugaji wake hawakujifungia. Walichanganya na Persia, na bluu wa Urusi, na hata paka wa nyumbani wasio na karatasi. Kulikuwa na gharama. Ile jeni ya uvimbe wa maji kwenye figo, iliyopatiwa kipimo mwaka 2004, iko Persia na iko kwake pia. Lakini kipimo kipo, unaweza kumwondoa mgonjwa ukabaki na kundi.

Kwa kuwa barua za wanaotaka kumleta paka huyo wa Uingereza, yule wa bluu, zinaendelea kufika, nasema tena. Koti lake ni zito hadi chini, na joto letu la Mpanda la mwezi Oktoba halikuwa akilini mwa waliomuumba. Mchane kila wiki, na kila siku anapopukutisha manyoya. Mpimie chakula, maana hunenepa upesi na dume hufika kilo 7 au 8 bila kelele. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Moyo wake upimwe kabla ya kuzalishwa. Na kundi la damu, tafadhali: wenye kundi B ni wengi zaidi kwao kuliko kwa paka wa kawaida, na jike wa B akizaa watoto wa A, maziwa yake ya kwanza yana kingamwili za kuwaua. Watenge na mama saa 24 za mwanzo, uwalishe kwa chupa. Na paka huyu akitaka kukaa peke yake, mwache.

Kadzonzo hahitaji robo ya hayo. Koti lake ni fupi, karibu halina manyoya ya ndani, kitambaa chenye unyevu kinamtosha; adui yake ni baridi. Naye si paka mwitu, hata wauzaji wakipamba vipi. Ni paka wa nyumbani aliyekaa na watu wa Kilifi, na ndugu zake wenye milia bado wako huko. FIFe inaweza kufungua daftari la kuzalisha kwa kura moja ya mkutano mkuu: kila paka wa vijiji vya Arabuko-Sokoke aliyepimwa afya aingie kwa rangi yoyote, na watoto wake wa n 22 wapande jukwaani kizazi kinachofuata.