Muyaka bin Haji: Mshairi wa Kusikiwa

Jina la Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy (1776 hivi hadi 1840) hutajwa na kila mwalimu wa ushairi, na aghalabu hutajwa kwa vita. Ni kweli kwamba alikuwa msemaji wa Mombasa zama za watawala wa Kimazrui, akiwajibu Walamu na kumpinga Seyyid Said, ambaye hatimaye aliutwaa mji huo mwaka 1837. Lakini twaona ya kwamba mwanafunzi akianzishiwa huko humkosa Muyaka mwenyewe, yule wa beti za mapenzi, za kutengana na za mfuko mtupu.

Hapo ndipo ulipo ubingwa wake. Washairi wa Pate na Lamu waliomtangulia walitunga zaidi tenzi za dini na mawaidha. Muyaka alilichukua shairi la mishororo minne, mizani 16 kwa kila mshororo, akalitia mambo ya barazani na sokoni: wivu, madeni, mafumbo, kejeli kwa rafiki. Mara nyingi ubeti mmoja tu ulimtosha.

Baada ya kufa kwake mashairi hayo yalikaa vifuani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa ndiye aliyemsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyakusanya mwishoni mwa karne ya 19. William Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akayachambua katika kitabu cha mwaka 1979. (Sikujua, kwa maoni yetu, hapewi sifa anayostahili.)

Basi tuna ugomvi na wale wanaozisanifisha beti zake ati wamrahisishie mwanafunzi. Muyaka alitunga kwa Kimvita, nacho husema "mato", si "macho". "Ndia", si "njia". Aandikaye "macho" penye kina cha "-to" amekivunja kina, wala hakufafanua kitu. Hapa Olumbi, wilayani Palma, lugha ya skuli ni Kireno, na Kiswahili huja na mashua na biashara kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mwanafunzi amekwisha zoea kusikia neno moja likitamkwa kwa namna mbili tatu. "Mato" haimtishi: huelezwa mara moja, akaendelea. Kinachomchosha ni kurasa za historia kabla hajasikia hata ubeti mmoja ukighaniwa. Twapendekeza ubeti ughaniwe kwanza mara mbili, vitabu vimefungwa, ndipo maana iulizwe.