Eastgate: Maduka Yanayopozwa na Usiku

Mwenye kituo cha biashara anayetaka kupunguza bili ya umeme kwa kawaida huanza na viyoyozi: anatoa vya zamani, anafunga vipya visivyokula sana. Eastgate, jengo la maduka na ofisi lililofunguliwa katikati ya jiji la Harare mwaka 1996, lilirudi nyuma hatua moja na kuhoji kama mtambo wa viyoyozi unahitajika hata kidogo. Jibu lililopatikana ni hapana, ila kwa masharti. Masharti hayo yanastahili kuangaliwa kwa makini kuliko sifa ambazo jengo hili limemwagiwa kwa miaka mingi.

Mwenye mradi alikuwa Old Mutual, kampuni ya bima. Mtambo wa viyoyozi wa jengo zima ungeagizwa nje kwa fedha za kigeni, na vipuri vyake vivyo hivyo. Msanifu Mick Pearce na wahandisi wa Arup wakatafuta ubaridi mahali ambapo hauagizwi: hewa ya usiku wa Harare. Jiji hilo liko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na tofauti ya joto kati ya mchana na usiku mara nyingi huzidi nyuzi kumi.

Majengo mawili ya ghorofa tisa yamesimama sambamba, na kati yake kuna uwazi mrefu uliofunikwa kwa paa la vioo. Maduka yako chini, ofisi juu. Feni zilizopangwa katika makundi 32 huvuta hewa kutoka kwenye uwazi huo, huichuja, kisha huipandisha kwa njia za wima hadi kwenye sakafu zenye uvungu. Ndani ya uvungu huo hewa hupita katikati ya vipande vya zege vilivyopangwa ili iguse eneo kubwa iwezekanavyo, ndipo hutokea ofisini kupitia matundu yaliyo chini ya madirisha. Ikishapata joto la watu, taa na kompyuta, hupanda darini na kutolewa nje kwa dohani 48 za matofali zilizo juu ya paa.

Siri imo katika ratiba ya feni. Mchana feni ndogo hubadilisha hewa ya ndani mara mbili tu kwa saa, kwa kuwa nje kuna joto na hakuna faida ya kuliingiza kwa wingi. Usiku, wafanyakazi na wateja wakishaondoka, feni kubwa hubadilisha hewa hadi mara kumi kwa saa. Zege hupoa, na asubuhi huanza tena kumeza joto la siku nzima.

Hesabu yake ni nyepesi. Meta moja ya ujazo ya zege ikipanda kwa nyuzi tano huwa imemeza nishati ya karibu uniti tatu. Kiyoyozi kizuri kingetumia kama uniti moja ya umeme kuliondoa joto hilo. Zidisha kwa maelfu ya meta za ujazo zilizomo katika jengo la ukubwa huu, kila siku ya kazi, utaona usiku unafanya kazi kiasi gani. Feni nazo hula umeme, lakini kusukuma hewa ni kazi ndogo kuliko kuipoza.

Mzigo wenyewe ulipunguzwa kabla ya yote. Madirisha hayazidi robo ya ukuta wa nje, na vikingio vya zege huzuia jua la moja kwa moja. Kwa takwimu za wabunifu, Eastgate hutumia nishati pungufu kwa asilimia 35 kuliko wastani wa majengo sita ya kawaida ya Harare, na kuacha mtambo wa viyoyozi kuliokoa takriban dola milioni 3.5 za ujenzi.

Takwimu hiyo ya pili ndiyo inayoeleza kwa nini wazo halikuishia kwenye michoro. Katika vituo vingi vya biashara anayejenga si anayelipa umeme: mwekezaji hujenga kwa bei nafuu, mpangaji hubeba bili. Hapa mjenzi alipata nafuu yake siku ya kwanza, kabla ya mita kuanza kuzunguka.

Eastgate hutajwa mara nyingi kama jengo lililoiga kichuguu cha mchwa, na Pearce mwenyewe alisema alianzia huko. Lakini mwaka 2008 watafiti Scott Turner na Rupert Soar walionyesha kwamba kichuguu hakidhibiti joto namna ilivyodhaniwa. Joto la kiota hufuata zaidi lile la udongo unaokizunguka. Jengo halipungukiwi kitu kwa hilo, maana linategemea uzito wa zege na baridi ya usiku. Anayetaka kujenga kama Pearce na Arup aanze na vipimo vya hali ya hewa.

Vipimo hivyo vinaipa nafasi Nairobi, Arusha na Mbeya, miji ya nyanda za juu yenye usiku wa baridi. Dar es Salaam na Mombasa vinazikatalia. Usiku wa Februari huko pwani joto halishuki sana chini ya nyuzi 24, na hewa imejaa unyevunyevu. Kila aliyelala chini ya dari la zege Kariakoo, Dar es Salaam, anajua kwamba saa nne usiku dari bado linatoa joto la mchana. Zege lisilopata nafasi ya kupoa humwongezea mtu adha.

Pwani inabidi kushughulikia mchana wenyewe. Mfano wa kuigwa uko bara: Garden City, kituo cha maduka kwenye barabara ya Thika jijini Nairobi, mwaka 2015 kilifunika maegesho yake ya juu kwa paneli za sola zenye uwezo wa kilowati 858. Magari hupata kivuli, na umeme huja saa zilezile ambazo maduka yako wazi. Mbinu hiyo haihitaji usiku wa baridi, na kwa Dar es Salaam ina maana zaidi, kwa kuwa jua linapowaka ndipo viyoyozi navyo hudai umeme mwingi. Hata hivyo paneli zikifungwa juu ya jengo la vioo vitupu zitafanya kazi ya kulipia makosa ya mchoro.

Basi mwekezaji amuulize msanifu wake mambo mawili kabla ya msingi kuchimbwa: usiku hapa hushuka hadi nyuzi ngapi, na nani atalipa bili ya umeme kwa miaka ishirini ijayo? La kwanza litaamua mbinu. La pili litaamua kama kuna atakayejisumbua kuitumia.