Tetemeko Moja, Mizani Ngapi?

Jamani, sote tuliosoma shairi la mwenzetu kuhusu Bukoba, siku ile ya 10 Septemba 2016, tumeguswa. Nyumba zinaporomoka, mama anaita watoto kwa majina, kisha kimya. Hapo sina neno. Neno langu liko kwenye kipande kimoja tu: "tetemeko la ardhi".

Shairi ni la mizani nane kwa nane. Haya, tuhesabu kwa vidole: te-te-me-ko-la-ar-dhi. Saba! Mizani moja imekwenda wapi? Nilipomuuliza, mshikaji akanijibu bila wasiwasi: "Mimi natamka a-ri-dhi." Sawa, wengi mitaani wanatamka hivyo, na wapo washairi wanaolirefusha neno hilo wakibanwa na mizani. Lakini katika ubeti wa nne neno lilelile kalihesabu silabi mbili, ar-dhi. Huwezi kumpimia mteja unga kwa vibaba viwili tofauti halafu akanyamaza.

Na kuna mtego mwingine. Lisome kwa sauti, haraka, kama tunavyoongea kwenye daladala. "La" na "ardhi" zinagongana, a inameza a, unasikia "lardhi". Zile saba sasa ni sita. Jukwaani msomaji atajikwaa hapohapo, pale ambapo wasikilizaji ndio walitakiwa watetemeke.

Dawa ipo, tena ndogo: m. Sema "mtetemeko wa ardhi". M hii haina vokali, lakini imesimama mbele ya konsonanti na inabeba silabi yake yenyewe: m-te-te-me-ko-wa-ar-dhi. Nane kamili, mradi "wa" na "ardhi" uzitenganishe kidogo unaposoma. Siyo kama m ya "mwamba", iliyoshikana na w: mwa-mba, mbili basi. Na akitaka neno fupi, lipo "zilizala", silabi nne safi.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wazee wa vina, eti shairi la maafa lipimwe kwa machozi tu. Mimi sikubali. Ardhi ilipotulia Bukoba, watu walihesabiana: nani yupo, nani hayupo. Anayeandika juu ya hesabu ile asikosee ya kwake.

Rekebisha kipande hicho, ndugu yangu, ulilete tena. Tunalisubiri.