Masikio Mawili, Sanduku Moja

Amplifaya ya gitaa ya Gibson GA-79 haina umbo la sanduku tulilozoea. Ni trapeza. Ndani yake kuna spika mbili za inchi 10, moja inatazama kushoto na nyingine kulia, kama watu wawili waliokosana wakalazimika kukaa kiti kimoja cha matatu. Ilitoka kwa Gibson, kampuni ya Kalamazoo, Michigan, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ahadi yake kubwa ilikuwa neno moja: sterio. Gitaa lako litoke pande mbili.

Nataka kuihakiki vile watu huhakiki riwaya. Sijawahi kuigusa. Nilichonacho ni mchoro wa saketi yake, picha za ndani zilizopigwa na mafundi, na mwaka mmoja na nusu wa uhandisi wa umeme kabla sijaachana na chuo. Inatosha. Mchoro wa saketi ni maandishi, bana. Ukiusoma polepole unaona mwandishi wake aliamini nini, alirudia nini, na bajeti ilimkata wapi.

Sisi tunaoandika kuhusu muziki hapa Nairobi tuna tabia moja: tunahakiki maneno. Msanii akitoa albamu tunachambua mistari, tunatafuta amemchamba nani, tunabishana kuhusu siasa yake. Tukifika kwa gitaa tunaishiwa. Linakuwa tamu, linakuwa kali, linalia, basi. Hakuna anayeuliza kwa nini linalia hivyo, limepitia chuma gani, na nani aliamua lipite hapo. Ni kama kumhakiki mshairi bila kujua kwamba kuna kitu kinaitwa mizani.

Tuifungue basi. (Ushauri wa bure: amplifaya ya valvu haifunguliwi ovyo. Kapasita zake huweza kushikilia umeme wa volti mia tatu hivi hata baada ya kuchomoa plagi, na hazijali kama wewe ni mhakiki.)

Sauti ya gitaa inaingia ikiwa ndogo mno, sehemu tu ya volti moja. Inapokelewa na valvu ndogo za kukuza, za aina iliyotamba enzi hizo: trayodi mbili ndani ya chupa moja ya glasi. Trayodi ni rahisi kuliko jina lake. Kuna kiini kinachopashwa moto mpaka kinatoa elektroni. Kuna bamba linalozivuta. Katikati kuna wavu. Sauti ya gitaa ikiutikisa wavu, ule mto wa elektroni nao unapungua na kuongezeka kwa mwendo uleule. Kitu kidogo kinaongoza kikubwa, kama kondakta mwembamba anayegonga ubavu wa matatu mara mbili na gari zima linasimama.

Halafu zinakuja valvu za nguvu. GA-79 ina nne za aina ya EL84, ambayo Wamarekani huiandika 6BQ5. Mbili za kushoto, mbili za kulia, kila upande ukitoa wati 15 hivi. Hapa ndipo nilipokaa sana na mchoro, kwa sababu kila upande ukiutazama peke yake unakuta kwamba nao pia umegawanyika. Sauti inafanywa nakala mbili zilizopinduana: moja ikipanda nyingine inashuka. Kila nakala inapewa valvu yake. Hizo valvu mbili zinafanya kazi kama watu wawili kwenye msumeno mrefu wa kukatia gogo, huyu akivuta yule analegeza. Mwishoni transfoma ya kutolea sauti inaziunganisha tena kuwa kitu kimoja.

Utauliza, ya nini kugawanya kitu halafu ukirudishe? Jibu ni zuri sana. Mngurumo wa umeme, ule mmmmm unaousikia kwenye spika mbovu, unaingia kwenye valvu zote mbili kwa mwelekeo mmoja. Gitaa linaingia kwa mielekeo miwili inayopingana. Vikifika kwenye transfoma, mngurumo mwingi unajifuta wenyewe na gitaa linabaki, tena likiwa na nguvu zaidi. Mgawanyo una kazi. Zilipokutana tena, kuna takataka iliyoachwa njiani.

Kumbuka hilo, kwa sababu sterio ni mgawanyo wa pili, na swali langu kwa mbunifu wa GA-79 ni lilelile: huu nao unafanya kazi gani?

Kwa kitu chochote cha jozi, mimi huangalia kilichorudiwa na kilichoshirikiwa. Spika, mbili. Transfoma za kutolea sauti, mbili. Valvu za nguvu, jozi mbili. Lakini umeme wenyewe unatoka kwa transfoma moja. Upande wa kulia ukikohoa noti nzito ya besi, wa kushoto unahisi. Ni nyumba ya kupanga yenye milango miwili na mita moja ya stima. Na tusisahau transfoma ni kipande cha chuma kizito na cha bei. Ungetaka kelele tu, ungechukua valvu zizo hizo nne, ukaziweka kwenye transfoma moja kubwa, ukaelekeza spika zote mbili mbele. Gibson walilipa ziada ili pande hizi mbili zisikutane ndani ya sanduku. Kwa hivyo waliamini kuna kitu cha kulinda.

Kitu chenyewe kilikuwa nini? Rudi nyuma kidogo. Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza Alan Blumlein, aliyekuwa akifanya kazi EMI, aliomba hataza ya kurekodi na kupiga sauti kwa njia mbili. Alitaka, pamoja na mengine, sauti ya mwigizaji wa sinema imfuate anapotembea kwenye skrini badala ya kutoka shimo moja. Fikra yake ilianzia kwenye kichwa cha binadamu. Kati ya sikio na sikio kuna sentimita 20 hivi, na sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Kitu kikilia upande wako wa kulia, sikio la kushoto linachelewa kukisikia kwa muda usiofika hata elfu moja ya sekunde. Kwa ucheleweshaji huo mdogo, pamoja na tofauti ya ukubwa wa sauti, ubongo unajua mbuzi yuko wapi.

Ilichukua hadi 1958 ndipo santuri za sterio zikaanza kuuzwa Marekani kwa watu wa kawaida. Neno likawa dhahabu. Mwaka 1959 Gibson wakatoa gitaa la ES-345 lenye nyaya za sterio, na GA-79 ikaja kuwa mwenzake.

Sasa angalia walichokigawanya. Gitaa hilo lina pikapu mbili (si gari, ni ile sumaku yenye koili inayosikiliza nyuzi). Moja iko karibu na shingo, nyingine karibu na daraja. Ya shingo inaenda upande mmoja wa amplifaya, ya daraja upande wa pili. Lakini pikapu zote mbili zinasikiliza uzi mmoja, kwa wakati mmoja. Karibu na shingo uzi hutikisika kwa upana, sauti inakuwa nzito, ya mviringo. Karibu na daraja unabana, sauti inakuwa kali na ya chuma. Tofauti kati ya kushoto na kulia ni rangi. Mahali hapamo. Yule mbuzi wa Blumlein amepotea. Tumebaki na mbuzi mmoja aliyepakwa rangi mbili.

Na hata rangi hizo zisikike wapi? Amplifaya ya gitaa inakaa baa, inakaa ukumbini, mbele ya watu wanaocheza. Tuseme spika zake ziko umbali wa nusu mita. Mtu aliyesimama mita 10 kutoka hapo anaziona ndani ya pembe ya nyuzi 3 hivi. Hiyo ni karibu upana wa vidole viwili ukinyoosha mkono. Huwezi kuita hiyo kushoto na kulia. Sterio ya santuri inamhitaji msikilizaji mmoja, amekaa katikati, hajasogea. Baa haina mtu kama huyo. Wa katikati ameenda kununua kinywaji.

Kwa hesabu hiyo GA-79 imefeli, na watu wengi waliipigia kura kwa mikono yao: magitaa mengi ya sterio ya enzi hizo yalifunguliwa na wenyewe yakageuzwa mono. B.B. King alipiga ES-355, na hata Lucille ambayo Gibson waliitoa kwa heshima yake mwaka 1980 ilikuwa na matundu ya mono na ya sterio pia, ndio uchague.

Lakini mhakiki akiishia kwa ahadi ya kitabu ilivyoandikwa kwenye jalada, hajasoma kitabu. Zile spika zinazokwepana zinafanya kitu ambacho neno sterio halikukiahidi. Hazimtazami msikilizaji. Zinatazama kuta. Sauti inagonga ukuta wa kushoto na ukuta wa kulia kabla ya kukufikia, kila moja na rangi yake, kila moja na kuchelewa kwake, na ukuta wa matofali hausemi sawa na pazia. Ghafla ule ucheleweshaji wa Blumlein umerudi, ila umetengenezwa na chumba. Mtu wa mlangoni anasikia gitaa zito, wa karibu na dirisha anasikia kali, na mpigaji mwenyewe, aliyesimama karibu nayo, anasikia gitaa pana kuliko mikono yake. Hii si sterio ya kiti kimoja. Kila mtu amepewa nakala yake, na hakuna nakala iliyo sahihi.

Waliokuja baadaye walielewa jambo hili vizuri zaidi. Roland JC-120 ya mwaka 1975, ambayo haina valvu hata moja, ina spika mbili za inchi 12, na ukiwasha korasi yake spika moja inatoa gitaa kavu, nyingine inatoa nakala inayoyumbayumba kidogo. Hazichanganywi kwenye waya. Zinachanganyikana hewani, mbele yako. Huo ndio mgawanyo wenye kazi: ukizikutanisha ndani ya saketi mapema, unapoteza ule upana. Naiheshimu JC-120 kwa akili yake. Lakini sauti yake ni safi mno kwa ladha yangu, kama shati la mtu anayeenda kuhojiwa kazi. EL84 ikisukumwa sana inaanza kuchanika pembeni, na huko kuchanika, ambako kwenye kitabu cha uhandisi ni kosa, ndiko nusu ya muziki wa gitaa wa karne iliyopita.

Ukitaka kujua kama sterio ni lazima, sikiliza benga. Santuri nyingi za 45 za miaka ya 1960 na 1970 ni mono. Chukua za Daniel Owino Misiani na Shirati: kila kitu kimetoka shimo moja. Bado nasikia watu wawili. Gitaa la solo linauliza, la rithimu linajibu, besi inawakatiza wote, na ninajua huyu yuko huku na yule yuko kule ingawa fizikia inasema wote wako mahali pamoja. Nafasi imetengenezwa kwa wakati, kwa zamu. Wale wapiga gitaa waligawanya kazi kabla ya kufika kwa amplifaya. Gibson walijaribu kumfanya mtu mmoja awe wawili kwa transfoma. Benga ilitumia watu.

Na sisi? Tunasikiliza vipi? Spika moja ya simu ikiwa juu ya meza. Au earphone moja mnagawana na rafiki yako kwenye mathree ya jioni, wewe ya kushoto, yeye ya kulia. Jaribuni hivyo na zile miksi za kwanza za sterio za Beatles, ambazo ziliweka sauti za waimbaji upande mmoja na vyombo vingi upande wa pili. Mmoja wenu atashuka akiimba, mwingine atashuka akiuliza kama wimbo ulikuwa na maneno.

Kitu kimoja cha pembeni, kwa sababu kimekataa kunitoka. Ndani ya amplifaya nyingi za Fender za miaka ya 1950 mafundi hukuta kipande cha tepu chenye jina la mtu aliyeiunganisha, mara nyingi jina la kwanza la mwanamke. Hakuna msikilizaji aliyekusudiwa kuliona. Unalikuta tu ukifungua.

Wakusanyaji wanaitafuta GA-79 leo, na wengi hawana gitaa la sterio la kuchomeka. Hawalihitaji. Iliuzwa kama mashine inayoweza kwenda sterio au mono, na mimi ningeipeleka mono: gitaa la kawaida, waya mmoja, pande zote mbili zikipewa kitu kilekile. Ningeisukuma mpaka kwenye kona ya chumba. Lile umbo la trapeza, ambalo linaonekana la ajabu katikati ya stage, hapo linapata maana: spika, moja huku, moja kule, zinabaki zimetazama kuta.