Mkono Unaonakili

Ford GT40 ina kimo cha inchi 40, yaani sentimita 102 hivi. Mtu mzima akisimama kando yake, paa humfika kiunoni. Iliundwa kwa kazi moja, kukimbia saa 24 mfululizo kule Le Mans, Ufaransa. Mwaka 1964 hakuna hata moja iliyofika mwisho, 1965 vilevile, kisha ikashinda miaka minne kwa mpigo, 1966 hadi 1969. Ushindi wa 1968 na wa 1969 uliletwa na gari lilelile, na mara ya pili lilimtangulia mpinzani wake kwa mita zipatazo mia tu baada ya mchana na usiku mzima wa mbio. Zilizoundwa enzi hizo ni kama mia moja. Mwaka 2012 mojawapo iliuzwa mnadani California kwa dola milioni 11. Gari la bei hiyo huwa limefungiwa. Nani atathubutu kuliingiza kwenye kona kwa kasi, kokoto ziliparuze?

Ndiyo maana nawaenzi wanaolijenga upya kwa mikono yao.

Hapa Brooklyn Center, kaskazini mwa Minneapolis, mitaa mingi ilijengwa miaka ya 1950, nyumba ndogondogo zenye gereji ya gari moja na nafasi kidogo ya meza ya kazi. Theluji ikianza, barabara humwagiwa chumvi, na mwenye gari analolipenda hulilaza ndani hadi masika. Miezi hiyo ndiyo msimu wa fundi. Chesisi, breki, nyaya na giaboksi huunganishwa kwenye baridi, mikono ikiwa ndani ya glavu. Faiba haivumilii hivyo: resini hukauka kwa shida baridi ikizidi, basi ama gereji ipashwe moto, ama bodi isubiri Mei.

Bodi ndiyo inayokula muda. Faiba ikitoka kwenye kalibu huonekana laini, lakini ukiimulika kwa taa ya pembeni unaona mawimbi. Hapo ni filla, msasa, kiganja kikipapasa, msasa tena. Na katika kazi hii eneo letu lina historia yake. Msasa unaotumika pamoja na maji, usiotimua vumbi, ulianza kuuzwa na kampuni ya 3M mwaka 1921, na makao yake yalikuwa ng'ambo ya mto, Saint Paul. Kijana wao mmoja, Richard Drew, alitumwa kuupeleka kwenye karakana za rangi ukajaribiwe. Akawakuta mafundi wakilaani: magari ya rangi mbili yalikuwa ndiyo mtindo, na gundi waliyoitumia kubandika karatasi za kukinga ilikuwa ikibanduka na rangi. Drew alirudi akahangaika hadi akapata, mwaka 1925, tepu ya karatasi inayoshika na kuachia bila kuharibu. Leo anayepaka GT40 samawati na mstari wa rangi ya chungwa anaitumia tepu hiyohiyo, mwendo mfupi kutoka ilikobuniwa.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba kunakili humlazimisha mtu kuuliza sababu. Chukua mabomba ya eksozi, yale yaliyojisokota juu ya injini mithili ya nyoka waliolaliana. Injini ya V8 haipigi kushoto na kulia kwa zamu kamili; upande mmoja hupiga mara mbili kwa kufuatana, moshi ukasongamana. Basi mabomba mawili ya kila upande huvushwa hadi upande wa pili, ili kila kikusanyio kipokee mapigo yenye nafasi sawa. Ukiyatazama pichani unasema ni mapambo. Ukiyakata na kuyachomelea mwenyewe, yakikataa kuingia, unajua kwa nini kila pinda liko pale. Ule ukingo ulioinuka mkiani nao uliwekwa baada ya majaribio ya Aprili 1964, gari lilipoyumba na kupotea njia kwa sababu nyuma yake ilitaka kuruka. Mfano wa kunakili kutoka kwetu Afrika Mashariki ni mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari. Ulikuwa umekwisha kutoweka baharini, ndipo mafundi wakaunda mwingine, ukawekwa Beit al-Ajaib, Unguja. Hakuna aliyeuita bandia. Kushona kulikuwa kumerudi mikononi mwa watu.

Ubandia upo, lakini uko kwingine: ni kugonga namba ya chesisi ya gari la kale kwenye chuma kipya na kumdanganya mnunuzi. Mjenzi mwaminifu hutaja wazi lini na wapi gari lake lilizaliwa. Mengi mazuri yamezaliwa Afrika: Cape Town, na Gqeberha iliyokuwa ikiitwa Port Elizabeth, ambako karakana huunda magari yenye chesisi ya chuma na kuyasafirisha Marekani bila injini, mwenye gari ajifungie yake. Najivunia jambo hilo.

Kumiliki nako kuna raha yake. GT40 ya asili aghalabu huwa na usukani kulia na gia mkono wa kulia, kando ya mlango. Mmarekani hulalamika, aliyejifunza kuendesha Nakuru au Tanga hukaa akatulia. Uwanja wa mbio za magari wa Brainerd uko mwendo wa saa mbili na zaidi kidogo kaskazini, na huko mwenye nakala hukanyaga mafuta kwa moyo mkunjufu. Akikwaruza bodi, anarudi na kalibu, resini na subira. Kukimbia hadi tamati ndiko kulikokusudiwa na walioliunda la kwanza.

Nakala ninayoitamani zaidi, hata hivyo, bado sijaiona hapa. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika mashindanoni, wakiwapita wa timu za viwanda kwenye tope na vumbi la Afrika Mashariki. Nyumbani mafundi hujenga upya Escort na Datsun za zamani kwa ajili ya Safari Classic, iliyoanza 2003. Minnesota imejaa vizazi vya Waswidi, na Volvo ni gari lao. Wakenya nao tumejaa Brooklyn Center na Brooklyn Park. Bodi ya chuma, injini ya silinda nne, usukani uhamishiwe kulia, bamba la kukinga mawe chini ya injini, taa za ziada mbele, namba 1 mlangoni. Anayeanza aniite, msasa naujua.