Hongera, Mafundi wa Kadi

Mgomba wa Tukuyu ukishazaa, maganda ya shina lake hukauka na kubaki na mistari ya kahawia, krimu na nyeusi. Sijaona karatasi ya kiwandani yenye nakshi nzuri kama hiyo. Fundi wa kadi huyapasua, huyanyoosha, hukata umbo la twiga au mama mwenye kikapu, kisha hulibandika kwenye kadi kwa gundi. Maua huyakunja petali moja moja. Kwa mvua za Rungwe, kuyakausha tu maganda hayo kunataka subira!

Katika Nyanda hizihizi za Juu Kusini, pale Iringa, mafundi wenye ulemavu katika karakana ya Neema Crafts, iliyoanza 2003, wametengeneza karatasi hata kwa kinyesi cha tembo.

Hongereni sana. Kadi yenu ninayo kabatini, bado inanukia shamba.