Mgeni akibisha hodi, mbwa afanye nini?

Panya buku anayefunzwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, hapigwi wala hakemewi. Shirika la APOPO, lililopiga kambi hapo tangu mwaka 2000, humfunza kwa kidude kidogo kinacholia "tak" na chakula kitamu, aghalabu ndizi. Akitulia na pua yake juu ya tundu lenye harufu ya kilipuzi, kidude kinalia, naye anakimbilia malipo yake. Akisimama kwenye tundu tupu, hakuna mlio, hakuna ndizi, basi. Magawa, mmoja wa wahitimu wa hapo, alipelekwa Kambodia kunusa mabomu, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza.

Mbwa wa nyumbani hufundishika kwa ufundi uleule, na ufundi wenyewe umo kwenye mlio kuliko kwenye ndizi. Mnyama huunganisha malipo na kile alichokuwa akikifanya papo hapo. Ukichelewa sekunde mbili tatu, umeshalipia kitendo kingine. Mlio unaziba pengo hilo: unamwambia "hilo ndilo", kisha chakula kinaweza kufuata taratibu. Keller na Marian Breland, waliosoma kwa mwanasaikolojia B. F. Skinner kule Minnesota, waliifanya kanuni hii kuwa biashara miaka ya 1940 walipofungua kampuni ya kufunza wanyama wa maonyesho na matangazo. Miaka ya 1960 Karen Pryor akafunza pomboo Hawaii kwa filimbi, maana samaki huwezi kumkabidhi pomboo akiwa hewani. Miaka ya 1990 wafuga mbwa wa Marekani wakakidaka kile kidude cha kubofya, na hapo ndipo njia hii ilipoingia sebuleni.

Sasa tuchukue kosa moja tu la nyumbani, kurukia wageni. Huku kwetu kosa hili ni zito kuliko wazungu wanavyolichukulia. Waislamu wengi wa pwani wanafuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Mgeni aliyevaa kanzu akielekea msikitini, akawekewa makucha yaliyolowa mate kifuani, hajapata usumbufu mdogo.

Kosa lenyewe lilianza mbwa akiwa na miezi miwili. Alikuwa akiruka, watu wanacheka, wanambeba, wanamkuna tumbo. Leo ana kilo 25, anaruka vilevile, na mwenye nyumba anamsukuma kwa mikono miwili huku akipaza sauti: "Shuka! Toka hapa!" Tazama mikono hiyo kwa macho ya mbwa. Ameguswa, ameangaliwa usoni, amesemeshwa kwa kelele. Mchezo umekubaliwa. Ndiyo maana kukemea hakujaisaidia nyumba hiyo.

Wafunzaji wazuri hawahangaiki kuua kitendo kibaya. Wanajenga kingine kisichoweza kufanyika pamoja nacho. Mbwa aliyelala kwenye gunia pembeni mwa mlango hawezi kuwa kifuani mwa mgeni. Kwa hiyo somo ni gunia.

Unaanza bila amri yoyote. "Tak", dagaa mkavu mmoja. "Tak", dagaa mwingine, mpaka mlio ukisikika tu masikio yanasimama na mbwa anakutazama. Kidude kikikosekana, kalamu ya kubofya inatosha. Kisha tandika gunia sakafuni na unyamaze. Akilitupia jicho, tak. Akisogea hatua, tak. Akiweka mguu mmoja, tak, na dagaa umtupie juu ya gunia lenyewe, ili mahali hapo pajengeke kuwa mahali pa riziki. Kidogo kidogo unapandisha bei: mguu mmoja haulipi tena, inatakiwa minne, minne ikizoeleka, inatakiwa alale. Akikwama, teremka ngazi moja, usimsukume kiuno kwa mkono. Vipindi viwe vifupi, dakika chache, na uache angali anataka zaidi.

Kosa ninaloliona kwa wengi liko kwenye kidole gumba. Mbwa amelala, mtu anafurahi, anatafuta kidude mfukoni, mbwa anaanza kuinuka, ndipo "tak". Ameshafundishwa kuinuka. Siku zinapita, mwenyewe analalamika kwamba mbwa wake hatulii. Kwa hiyo mazoezi ya kwanza ni ya binadamu: dundisha mpira, ubofye kila unapogusa sakafu, mpaka mkono uache kuchelewa.

Sasa ingiza hodi. Mtu wa nyumbani anatoka nje, anagonga mlango kwa upole, anaita "Hodi!" Wewe unasubiri mbwa aende guniani, unabofya, unalipa. Ukirudia hivyo, hodi yenyewe inageuka amri, na hili ndilo linalonipendeza kuliko yote: amri anaitoa mgeni, wala hajui kwamba ameitoa. Wewe unabaki na kazi ya kusema karibu. Lakini usiruke kutoka kwa mtoto wa nyumbani anayegonga polepole hadi kwa shemeji anayekuja na zogo la harusi. Katikati weka jirani, kisha watu wawili, kisha mgeni mwenye mfuko wa nyama, na kwa kipindi hicho mbwa awe na kamba shingoni ili akishindwa asipate nafasi ya kurukia na kujilipa mwenyewe.

Adhabu ya baadaye inaharibu hesabu hii yote. Unakuta kiatu kimetafunwa, unamwita mbwa, anakuja, unamchapa. Alichokifanya papo hapo ni kuitikia wito. Watu husema "lakini anajua kosa lake, tazama anavyoinamisha kichwa". Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alichapisha jaribio lililochunguza uso huo wa hatia: ulijitokeza zaidi mbwa alipogombezwa, awe amekula chakula alichokatazwa au hakukigusa. Mbwa anasoma hasira yako, kiatu alishakisahau. Haja ndogo ni vivyo hivyo: mtoe nje akiamka, akishakula, akishacheza, na umlipe palepale uani. Ukingoja arudi ndani ndipo umpe dagaa, umelipia kurudi ndani.

Njia hii ina ukomo wake, na akina Breland wenyewe waliukiri katika makala ya mwaka 1961. Walimfunza mnyama wa Amerika aitwaye rakuni kutumbukiza sarafu kwenye kibubu. Sarafu zilipokuwa mbili, akazikamata na kuzisuguasugua kama anayeosha kaa mtoni, hataki kuziachia. Asili ilishinda mshahara. Vivyo hivyo mbwa wa ulinzi atabweka, na kumtaka awe bubu ni kumwonea. Mruhusu abweke mara mbili tatu, kisha gunia.

Tatizo gumu zaidi ni mbwa anayefungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za Dar es Salaam na Nairobi. Watafiti Scott na Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965, walionyesha kwamba mtoto wa mbwa huzoea watu kwa urahisi kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na mbili. Kipindi hicho kikiishia bandani, mgeni wa kwanza atakayemwona ni mtu wa kutisha, na gunia peke yake halitoshi. Atahitaji miezi ya kuwaona watu kwa mbali, akilipwa kwa kutulia, kabla hodi haijawa na maana yoyote kwake.

Dagaa hupungua baadaye. Gunia likishakuwa mazoea unalipa mara moja moja, bila mpangilio. Ila kaya nzima ikubaliane kwanza, kwa sababu mjomba mmoja anayependa kurukiwa, akimkuna mbwa kichwani kila Jumapili, anatosha kuliweka hai lile somo la zamani.